Tangi lililopasuliwa na mafuta yake

Debe tupu likipigwa risasi, risasi hupenya na kuacha matundu mawili madogo. Debe hilo likijazwa maji pomoni, litararuka vibaya. Kwa nini? Maji hayabonyei kama hewa. Yakisukumwa ghafla, huupitisha msukumo huo hadi kwenye kuta zote za debe.

Jambo hili limewashughulisha waundaji wa ndege za kivita kwa miaka mingi. Lakini Julai 25, 2000, liliwafika abiria wa kawaida. Ndege ya Concorde ya Air France iliyokuwa ikielekea New York ilikanyaga kipande cha titani katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Kilikuwa kimedondoka kutoka kwa ndege iliyotangulia. Gurudumu likapasuka, na kipande cha mpira chenye uzito wa kilo 4.5 hivi kikalipiga bawa kwa chini, penye tangi lililojaa mafuta.

Hapa ndipo penye ajabu. Wachunguzi waliokota kwenye barabara ya kurukia kipande cha tangi hilo, nacho hakikuwa na alama ya kugongwa. Kilikuwa kimesukumwa kutoka ndani! Wakakata kauli kuwa mpira uligonga mahali pengine, na msukumo ukapitia kwenye mafuta hadi ukauvunja ukuta. Moto ulizuka. Watu wote 109 waliokuwa ndegeni walifariki, pamoja na wanne katika hoteli mjini Gonesse.

Mambo kama haya humalizika kabla ya mtu kupepesa jicho. Ndiyo maana wataalamu huyaiga kwa kompyuta. Tangi na mafuta hugawanywa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha kompyuta hupiga hesabu ya kasi na msukumo wa kila kimoja, hatua kwa hatua. Taabu ni kwamba mafuta hutawanyika ovyo, vipande hivyo vikajipinda hadi hesabu ikavurugika. Baadhi ya wataalamu basi huyahesabu mafuta kama punje zilizo huru. Hata hivyo, bado matangi halisi hupigwa risasi, mara nyingi yakiwa na maji, ili majibu yalinganishwe. Mimi kama abiria, nafurahi kusikia hivyo.

Concorde zilipewa magurudumu mapya, na matangi yakatandikwa Kevlar ili yakitoboka mafuta yasimwagike kwa wingi. Zilirejea kubeba abiria Novemba 2001, zikastaafu 2003.