Uvira: Kabla ya kuchagua mtutu wa bunduki ya shabaha, chagua kwanza risasi

Kwenye mwambao wa kaskazini wa ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura, silaha za aina nyingi zimepita kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu wanajua majina yake na sauti yake. Kisichojulikana sana ni mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, ambayo inasaidia kuamua kama risasi itafika pale ilipoelekezwa ama itapotea njiani.

Mifereji hiyo inajipinda kama ngazi ya kuzunguka. Risasi ikisukumwa ndani yake, inatoka ikizunguka yenyewe, na mzunguko huo ndio unaiweka pua mbele. Mafundi wanapima umbali ambao risasi inasafiri ndani ya mtutu hadi imalize mzunguko mmoja kamili. Wanaposema sentimita 25, maana yake ni mzunguko mmoja kwa kila sentimita 25. Namba ikiwa ndogo, risasi inazunguka kwa kasi zaidi. Risasi yenye mwendo wa mita 600 kwa sekunde, katika mtutu wa sentimita 25, inatoka ikizunguka mara 2,400 kwa sekunde.

Vita vya ziwani

Tarehe 15 Agosti 1914, Wajerumani kutoka Urundi walipiga mizinga bandari ya Mokolubu, kusini ya Uvira. Waliharibu mitumbwi 15 ya wenyeji na kukata waya za simu. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimefika ziwani.

Wakati huo askari wengi wa upande wa Ujerumani walibeba bado Mauser ya mwaka wa 1871. Risasi yake ilikuwa ya risasi tupu, nene ya milimita 11 na fupi. Mtutu wake ulizungusha mara moja kwa sentimita 55. Wanajeshi wa Force Publique, upande wa Kongo, walikuwa na Albini, bunduki nyingine ya zamani ya milimita 11.

Lakini jeshi la Ubelgiji kwenyewe Ulaya lilikuwa tayari na Mauser ya 1889, iliyotengenezwa na kampuni FN huko Herstal. Risasi yake ilikuwa nyembamba, chini kidogo ya milimita 8, na ndefu ukilinganisha na unene wake. Mtutu wake ulizungusha mara moja kwa sentimita 25. Risasi ilipobadilika, mtutu nao ulilazimika kubadilika.

Mizinga inafuata sheria ileile. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Wajerumani walitoa mizinga yake ya milimita 105, na mmoja ukapelekwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, ile inayoitwa leo Liemba. Mzinga kama huo haukuweza kulishwa kombora lolote lililookotwa njiani. Ulihitaji kombora la kipimo chake, lenye mkanda wa shaba wa kushika mifereji yake. Ndiyo sababu meli zilizovunja kizuizi cha Waingereza na kuleta makombora kutoka Ujerumani zilikuwa na thamani kubwa.

Hesabu ya Greenhill

Mwaka wa 1879, Alfred George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni rahisi. Gawanya urefu wa risasi kwa unene wake. Kisha gawanya 150 kwa jibu hilo, na uzidishe kwa unene wa risasi.

Chukua risasi yenye unene wa milimita 8 na urefu wa milimita 32. Urefu ni mara nne ya unene. 150 gawanya kwa 4 ni 37.5, mara 8 ni milimita 300, yaani sentimita 30. Risasi ya unene uleule lakini yenye urefu wa milimita 40 inadai sentimita 24. Hesabu inaangalia urefu kabla ya uzito. Leo kuna kanuni zenye usahihi zaidi, zinazohesabu pia mwendo na hewa, lakini ya Greenhill bado inatoa picha nzuri.

Wamarekani walijifunza hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bunduki yao mpya ya milimita 5.56 ilikuwa na mzunguko wa sentimita 36 hivi. Katika hewa ya baridi kali, ambayo ni nzito, risasi ziliyumba, na mtutu ukapunguzwa hadi sentimita 30. Baadaye FN ya Ubelgiji ilitengeneza SS109, risasi ndefu zaidi, ambayo NATO iliikubali mwaka wa 1980. Mitutu ya Marekani ikashuka hadi sentimita 18 hivi, ili iweze pia kubeba risasi ya kuwaka njiani, iliyo ndefu kuliko zote hizo.

Kwa mchezaji wa shabaha

Mchezaji anaanza na umbali. Bunduki ndogo ya kalibre .22, inayotumika katika mashindano ya mita 50, ina mzunguko wa sentimita 41 hivi kwa kawaida, kwa sababu risasi yake ni fupi. Anayepiga mbali anahitaji risasi ndefu inayopasua upepo vizuri, na kwa hiyo mzunguko wa haraka.

Mzunguko ukiwa mdogo mno, risasi inapinduka, na karatasi inaonyesha matundu marefu, alama ya risasi iliyogonga kwa ubavu. Ukizidi mno, kila kasoro ndogo ndani ya risasi inaongezeka, na ganda jembamba linaweza hata kupasuka angani. Wapigaji wengi wanachagua mzunguko unaotosha, wenye akiba kidogo.

Mahali pia panahesabiwa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi juu ya bahari, na milima ya Itombwe inapita mita 3,000. Hewa nyepesi inasaidia risasi kutulia. Mtutu unaotosha kwa shida mlimani unaweza kushindwa pwani ya Mombasa.

Mwenye bunduki asiyejua kipimo chake anaweza kukipata. Bunduki ikiwa haina risasi ndani, fimbo ya kusafishia inayozunguka bure, yenye kitambaa kinachobana, inasukumwa polepole hadi igeuke mara moja kamili, na umbali huo unapimwa kwa rula. Ni vema kufanya hivyo kabla ya kununua risasi, kwa sababu mifereji haibadilishwi. Aliyekosea analazimika kutumia risasi nyingine, ama kulipia mtutu mpya.