Betri ya sigara ya umeme si jiwe la tochi

KWA wengi wetu tuliokulia uhamishoni, betri ilikuwa kitu rahisi. Tuliiita jiwe. Redio ya nyumbani ilikula mawe manne, na yalipochoka tuliyaanika juani ili tupate siku mbili tatu zaidi za kusikiliza habari za nchi ambayo wengine wetu tulikuwa hatujaiona. Jiwe likioza lilivuja uji, likachafua redio, basi. Halikumchoma mtu.

Betri zinazovuka siku hizi kati ya Bukavu na Kamembe kupitia Rusizi ya Kwanza ni za ukoo mwingine. Nazungumzia zile nene kama dole gumba, zilizoandikwa 18650, yaani unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zimo ndani ya tochi za kuchaji, pawabenki na kompyuta za zamani za kupakata. Zimo pia ndani ya sigara za umeme, ambazo vijana wetu huziita vepu. Hizi ni betri za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1991. Nyingi kati yake zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Kwa hiyo mama wa Bukavu anauziwa kwa dola kitu ambacho kilitoka nchini mwake ndani ya magunia. Lakini hayo ni ya makala nyingine.

Kijana mmoja aliyewahi kukaa darasani kwangu alinijia na betri mbili mkononi. Moja imeandikwa 9,900 mAh, nyingine 2,500. Akauliza, "Mwalimu, ipi ina nguvu?" Alikuwa ameshaamua kuwa ni ile ya 9,900, tena ilikuwa ya bei nafuu. Alitaka tu nimwunge mkono. Sikumwunga.

Namba ile ya mAh haisemi nguvu. Inasema akiba. Anayeishi Rusizi ana mfano mbele ya macho yake: Ziwa Kivu ni akiba, mto Rusizi ni mkondo. Ziwa liwe kubwa namna gani, maji yanayoshuka ni yale tu ambayo mto unaweza kuyapitisha. Mkondo wa betri hupimwa kwa ampea, na ndio unaopaswa kutazamwa kwanza na mtu wa sigara ya umeme, kwa sababu kifaa chake kinavuta umeme kwa pupa kuliko tochi yoyote.

Hesabu yake ni ya shule. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Waya unaopasha moto ule mvuke ukiwa na ukinzani wa omu 0.5, gawanya: mkondo ni ampea 8.4. Ukiwa na omu 0.2, ni ampea 21. Kwa vifaa vyenye kidhibiti cha wati, gawanya wati kwa volti za betri iliyokaribia kuisha: wati 60 kwa volti 3.2 ni karibu ampea 19. Sasa, betri nzuri kabisa ya kompyuta, yenye akiba ya 3,400 mAh, hutengenezwa kutoa ampea chache tu, kama tano hadi saba. Ukiidai 20 inachemka. Lakini zipo betri halali za 2,500 mAh zilizotengenezwa kutoa ampea 20 bila kukatiza. Namba ndogo ndiyo iliyokuwa yenye misuli.

Na ile ya 9,900? Ni uongo mtupu. Betri za 18650 zinazouzwa kwa kawaida hukomea karibu 3,500 mAh. Wanaoandika zaidi huchukua betri dhaifu, au zilizochakaa ndani ya kompyuta, wakazivika ngozi mpya ya plastiki yenye rangi za kupendeza. Nyingine zikipasuliwa hukutwa na kibetri kidogo ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Njia ya haraka ya kuzishtukia ni mizani. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, au zaidi kidogo. Muuza sambaza mwenye mizani ya kielektroniki anaweza kukupimia kabla hujatoa pesa; ikisoma gramu 30, mrudishie mwenyewe mzigo wake. Uzito mzuri pekee hauthibitishi ubora, lakini uzito mbaya unathibitisha wizi.

Jambo ambalo kwa maoni yangu ni la hatari kuliko yote ni mfuko. Watu hudhani upande hasi wa betri hii uko kitako tu. La hasha. Bati lote la nje, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu, ni hasi. Kilichotenganisha bati hilo na kichwa chanya ni pete nyembamba na ile ngozi ya plastiki. Tupia betri hiyo mfukoni pamoja na funguo na sarafu za faranga 50 na 100, ngozi ikachubuka, sarafu ikagusa kichwa na ukingo kwa pamoja: hiyo ni shoti. Kwa muda mfupi betri inakuwa kaa la moto juu ya paja la mtu. Hapo anayevuka na faranga za Kongo ana nafuu, maana ni noti tupu. Kikasha cha plastiki cha kuwekea betri ni cha bei ndogo. Anayebeba nyingi za kuuza azitenge moja moja, asizimwage ndani ya kikapu kama viazi.

Ngozi ikichanika hata kidogo, usiitumie hadi ivikwe upya. Iliyobonyea au kuanguka vibaya, achana nayo. Kifaa cha betri mbili kipewe pacha: aina moja, zilizonunuliwa pamoja, zinazochajiwa pamoja. Chaja iwe ya betri za lithiamu, inayokata yenyewe kwenye volti 4.2, na isiachwe juu ya godoro usiku kucha.

Samsung na LG zenyewe zimewahi kutangaza kwamba betri zao za aina hii hazikukusudiwa kuuzwa moja moja kwa mtumiaji wa sigara ya umeme. Si woga wa bure. Huko Marekani watu wawili walipoteza maisha baada ya vifaa hivyo kulipuka, mmoja Florida mwaka 2018, mwingine Texas mwaka 2019. Kwa hiyo asiyetaka hesabu za ampea, na wala siwalaumu, achague kifaa chenye betri ya kudumu na saketi ya ulinzi, akichaji kwa waya wake. Aliye bora zaidi ni asiyevuta, kwani nikotini ni nikotini hata ikinukia embe.

Mfanyabiashara naye ana la kuangalia. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za umeme, hivyo mzigo wa kwenda huko si wa kujaribu. Na anayepanda ndege Kamembe, betri za akiba na sigara yenyewe hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloshushwa chini.

Betri ikianza kuchemka au kuzomea kama nyoka, usiikumbatie kuiokoa. Itupe nje penye udongo, usivute moshi wake kwa kuwa ni sumu, kisha imwagie maji mengi. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Iliyokufa isitupwe shimoni wala ziwani. Ifunge gundi ya karatasi juu na chini, uiweke kando na zenzake hadi zipatiwe safari ya Bugesera, kwenye kiwanda cha taka za kielektroniki cha Enviroserve.