Kengele, Kaburi na Kuba: Mawe ya Shukrani ya Wakristo wa Pwani

Abiria wanaotoka kisiwani Mombasa kwenda Bamburi au Mtwapa hulisikia jina la Kengeleni kila siku. Utingo hulitangaza, watu hushuka, wengine hupanda, na gari hushika njia yake ya Malindi. Wachache mno ndio waulizao kengele yenyewe ni ipi, nani aliyeitundika na ilikuwa ikilia kwa ajili gani. Hali kadhalika, wapitao Nkrumah Road huliona kuba la Kanisa Kuu la Waanglikana, na mgeni asiyejua huweza kudhani kuwa ni msikiti. Na ng'ambo, upande wa Nyali, liko kaburi la mwanamke wa Kizungu aliyefariki mwaka wa 1844.

Kengele, kaburi na kuba ni kumbukumbu za majirani zetu Wakristo. Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani tumezoea kuvipita vitu hivi tukivihesabu kuwa ni mabaki ya Wazungu tu. Tena tuna sababu. Msalaba wa kwanza kuonekana katika pwani hii uliletwa na Mreno. Nguzo iliyoko Malindi mpaka leo, yenye msalaba na nembo ya Ureno, ni ukumbusho wa safari ya Vasco da Gama aliyefika huko mwaka wa 1498. Na haukupita muda, mwaka wa 1505, Wareno wakaichoma moto Mombasa. Nguzo ile yatangaza enzi ya mfalme. Aliyeuona msalaba kwanza juu ya silaha za adui si wa kulaumiwa akiutilia shaka hata unapowekwa juu ya kaburi la mzazi.

Lakini si kila jiwe la Mkristo ni la mfalme. Yako mawe ambayo wenyewe huyasimamisha ili wasije wakasahau kwamba Mungu alitimiza ahadi Yake. Ni vyema tukayajua hayo, kwani kujua jirani yako anamshukuru Mola kwa jambo gani si kuiacha dini yako.

JIWE LA MSAADA

Asili ya jambo hili imo katika vitabu vya kale vinavyosomwa na Mayahudi na Wakristo. Humo husimuliwa kuwa Nabii Yakubu, alipokuwa mkimbizi, alilala nyikani akiwa amelaza kichwa chake juu ya jiwe. Akaota ndoto iliyompa ahadi ya Mungu, na alipoamka akalisimamisha jiwe lile na kulimiminia mafuta. Husimuliwa pia kwamba Yusha bin Nun, siku aliyowavusha Wana wa Israili mto Yordani, aliamuru yatolewe mawe 12 kutoka ndani ya mto, jiwe moja kwa kila kabila, yakawekwe mahali watakapolala. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kufahamika: watoto watakuja kuuliza mawe haya yana maana gani, na wazee wapate pa kuanzia kuwahadithia.

Ndani ya kitabu cha Samweli kimo kisa cha tatu. Baada ya watu wake kushindwa vitani na kutekwa sanduku la agano, na baada ya miaka ya majonzi, walipata nusura. Naye Samweli akasimamisha jiwe na kuliita Eben-ezeri, yaani jiwe la msaada. Maana yake ni kwamba mpaka hapa walipofika, Mungu ndiye aliyewasaidia. Hakusema kuwa safari imekwisha, wala kuwa hakuna shida iliyobaki.

Mkristo hujifunza kutokana na visa hivyo kwamba ukumbusho una sehemu mbili: jiwe na simulizi. Na ukumbusho wake mkubwa kuliko yote si jiwe hata kidogo. Ni mkate na kikombe katika ibada yao, ambavyo waamini kuwa Yesu aliviagiza usiku wa kabla ya kukamatwa, ili wamkumbuke kwavyo. Katika itikadi ile hatukubaliani nao, na jambo hilo lafahamika. Ila hoja ya kukumbuka si ngeni kwetu. Mwenye kuhiji husai baina ya Safa na Marwa, akipita alipopita Bi Hajar alipokuwa akimtafutia mwanawe maji, hata Mola akawaruzuku Zamzam. Na katika hadithi mashuhuri ya Ashura, Mtume (S.A.W.) aliwakuta Mayahudi wa Madina wakifunga siku ile kwa kushukuru kuokolewa kwa Nabii Musa, naye akafunga na akawaamuru Waislamu wafunge.

KABURI LA NYALI

Sasa na turudi kwetu. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akiitumikia jumuiya ya wamisionari ya Kiingereza iitwayo CMS. Seyyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa mwambao. Mwezi wa Mei Krapf na mkewe Rosina wakaja kukaa Mombasa. Haikutimia miezi mitatu homa ikawashika wote wawili. Rosina alijifungua mtoto wa kike akiwa katika maradhi hayo, na tarehe 13 Julai akafariki. Kichanga naye akamfuata mamake baada ya muda mfupi. Kabla ya hapo walikuwa wameshazika mtoto mwingine njiani huko Uhabeshi.

Rosina alikuwa ameomba azikwe bara, karibu na njia, ili Waswahili na Wamijikenda wapitao walione kaburi lake na kukumbuka kilichowaleta watu wale hapa. Mumewe, ambaye mwenyewe alikuwa hajiwezi kwa homa, aliwaandikia wakubwa wake London kuwa sasa lipo kaburi la mtu wao katika pwani ya Afrika Mashariki, na kuwa kaburi hilo si dalili ya kushindwa, bali ni alama kuwa kazi imeanza.

Mtu aweza kusema kuwa hayo ni maneno ya kujiliwaza, na mfiwa ana haki ya kujiliwaza. Lakini tazama yaliyofuata. Krapf hakuondoka. Alikuwa tayari ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekubali kukaa na mgeni huyo na kumfasiria maneno. Mwaka wa 1846 akahamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Fauka ya hayo, miswada ya tenzi zetu za kale kwa hati za Kiarabu, ukiwamo Utendi wa Tambuka, aliikusanya na kuipeleka Ujerumani, ambako ilihifadhiwa. Kwa hivyo sisi wenyewe, tusioamini alichokuja kukihubiri, tunayo sehemu yetu katika subira ya mtu yule.

BENDERA YA HUZUNI

Miaka 40 baadaye msiba mwingine ukaingia. James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana katika sehemu hizi, alifika Mombasa mwanzoni mwa 1885. Tarehe 31 Mei mwaka huo aliwapa daraja la ushemasi Waafrika wawili, Ishmael Semler na William Jones. Jones alikuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik huko Bara Hindi, kisha akarejea Afrika miaka ya 1860 kufanya kazi Rabai.

Mwezi wa Julai Hannington na Jones walitoka Rabai na msafara wa watu wapatao 200 kuelekea Uganda. Walipofika nchi ya Kavirondo askofu alimwacha Jones na wapagazi wengi, yeye akatangulia na watu 50 hivi. Huko Busoga wakashikwa. Tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, askofu aliuawa, na wapagazi wake karibu wote wakauawa pamoja naye. Walionusurika walikuwa wanne.

Ikawa juu ya Jones kuwarudisha waliobaki. Mwanzoni mwa 1886 msafara uliingia Rabai ukiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Neno hili nalo limo katika kitabu kile kile cha Samweli. Ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya kushindwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Hebu mfikirie mtu huyo, aliyekuwa mtumwa jana na mchungaji leo, akitembea majuma kwa majuma na habari nzito kama hiyo, akijua kuwa Rabai wake na watoto wanatazama njia.

Katika kitabu kile, toka neno Ikabodi hadi jiwe la Eben-ezeri ni milango mitatu tu. Kwa Wakristo wa Mombasa ilichukua miaka 20 hivi. Kanisa lile la Nkrumah Road lilimalizika kujengwa mwaka wa 1905, nalo likaitwa Kanisa la Ukumbusho kwa sababu Hannington ni miongoni mwa waliojengewa. Ajabu ni kwamba walioliinua hawakuiga minara ya Ulaya. Walilipa kuba na matao ya namna ya Kiislamu, likafanana na mji uliolipokea.

Hata hivyo, kuna neno la kuuliza. Jina la askofu latajwa, na kila tarehe 29 Oktoba Waanglikana humkumbuka. Je, wale wapagazi? Walikuwa na wake na watoto, na majina yao ni nadra kusikika. Ukumbusho unaomtaja bwana na kuwasahau wachukuzi wake huwa umekuwa wa mtu, ilhali ulikusudiwa uwe wa Mungu, ambaye hasahau jina la yeyote.

KENGELE YENYEWE

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Miaka miwili baadaye, 1875, CMS ikaanzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kaskazini ya Mombasa, nacho kikaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo waliokamatwa bara na kuokolewa majini waliteremshwa hapo bila baba wala mama, wengine hata majina ya vijiji vyao hawayakumbuki. Kengele ikatundikwa. Ililia kuita watu kanisani na kazini, na ililia pia usiku kuonya kuwa maadui wanakuja kuwateka tena.

Hapa sisi watu wa Pwani hatuna budi kusikiliza kwa utulivu. Miongoni mwa wale waliokuwa wakiogopwa walikuwamo wa kwetu. Watoro walipokimbilia misheni, mabwana zao wa Mombasa waliwadai kwa hasira, na mzozo huo ulitulia pale George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alipowalipa fidia wenye watumwa hao, na siku ya 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru huko Rabai. Kwa mjukuu wa mmoja wa wale 1,400 kengele si pambo la njia panda. Ni ushahidi kuwa babu yake alimlilia Mungu, na Mungu akasikia.

James Juma Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alilifahamu hilo. Mwaka wa 1934 kilitoka kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kinachosimulia jinsi babake alivyotekwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na jinsi alivyookolewa. Wako waliokiona kitabu hicho kuwa kimewaonea Waarabu, na mjadala huo ni halali. Lakini Mbotela alifanya ambacho kengele peke yake isingeweza: alimjibu mtoto anayeuliza.

KUCHUNGA MPAKA

Wakristo wenyewe wanajua kuwa kumbukumbu ina hatari yake. Katika vitabu vyao imo habari ya nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Nabii Musa kwa amri ya Mungu, awe sababu ya watu kupona. Baada ya karne kadhaa watu wakaanza kumfukizia ubani nyoka yule, na mfalme mwema Hezekia akamvunja vipande vipande. Kilichowekwa kumkumbusha mja Mola wake kiligeuka kuwa mungu, ikabidi kivunjwe. Sisi pia tuna ubishi wetu wa kuyajengea makaburi, na kila upande una dalili zake. Pande zote mbili lakini zaogopa jambo moja: mja asije akaliangalia jiwe na kumsahau Aliyemneemesha.

Katika kumbukumbu hizi tatu hamna hata moja iliyosimama juu ya ushindi. Moja yatokana na mama aliyekufa uzazini, ya pili na askofu aliyeuawa njiani, ya tatu na watoto walioibwa kwao. Mtu hushukuru kwa wepesi akiwa na shibe. Hawa walishukuru pale walipozika. Kwa hivyo kijana wa Kisauni akiuliza kwa nini pakaitwa Kengeleni, tusimjibu kuwa ni jina tu. Na mzee wa Kikristo mwenye nasaba ya Freretown asingoje kuulizwa. Na akae na wajukuu zake awaeleze, maana mnara upo, na wenye kujua kisa wanapungua.

Jiwe halina maneno, japo jina latiliwa,
Mwana aulize mno, mzazi jibu kutowa,
Ndipo hudumu agano, wema wa Mola kujuwa,
Kisa kisipotolewa, jiwe ni jiwe la kuta.