Uvimbe Usiotulia: Namna Kompyuta Inavyoufuata

Abiria wa Shika Adabu avukaye Likoni anajua kwamba feri haitulii hata ikiwa gatini. Maji huiinua na kuishusha. Uvimbe wa saratani ulio sehemu ya chini ya pafu nao ni hivyo hivyo. Kila pumzi huusogeza, aghalabu kwa sentimita 1 au 2, pengine zaidi. Mionzi ikilenga mahali pamoja tu, huukosa; ikipanuliwa ienee kote upitako, huunguza sehemu zisizo na ugonjwa.

Hapa ndipo kompyuta husemwa kuwa “inaona”. Neno hilo ni sitiari, tena yenye kupotosha kidogo. Kompyuta haijui saratani ni nini. Huchukua kipande cha picha, ikapima weusi na weupe wa nukta zake, kisha ikatafuta kipande kinachokaribiana nacho zaidi katika picha ifuatayo. Mbinu ya Lucas na Kanade, iliyochapishwa mwaka 1981, imejengwa juu ya ulinganishaji wa namna hii. Uvimbe usipoonekana vyema, madaktari huweza kupandikiza karibu nao chembe za dhahabu, ambazo katika eksirei hujitokeza bayana.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa muda. Picha ikimalizwa kuchambuliwa, uvimbe umekwisha kuhama. Hivyo programu hukisia mahali utakapokuwa kwa kufuata mwendo wa pumzi zilizotangulia. Mgonjwa akikohoa, makisio huvurugika. Aidha, “pumua kama kawaida” na “zuia pumzi” ni maagizo ya mbinu mbili tofauti za tiba. Mfasiri akiyachanganya, mgonjwa atatii, na huenda mionzi ikapita kando.