Mlango wa kabati unaponing'inia

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine, inua macho utazame kabati ya nyumbani kwako. Milango yake inafunga? Au kuna mmoja unaoegemea upande na kusugua chini, na kila mtu wa nyumba ameshazoea kuuinua kidogo kwa mkono kabla ya kuufunga? Wengine wameufunga kwa kamba. Wengine wameuegemeza jiwe ama bidoni ya mafuta. Na mgeni akija, mama anakimbia kumwambia: «Ngoja, papa, usigushe huo mulango, iko mubovu, itakuangukia!»

Tunacheka, lakini tujiulize: ndani ya kabati ile kuna nini? Kuna unga na sukari. Kuna nguo za siku ya Bwana. Kuna dawa za malaria, karatasi za watoto za chanjo na za shule, na mara nyingine chupa ya petroli au dawa ya wadudu iliyowekwa juu ili mtoto asiifikie. Mlango usiofunga ni njia ya panya, na ni njia ya mtoto wa miaka 2 ambaye kila kitu anakipeleka kinywani. Tena mlango wenyewe ni mzito. Mlango wa urefu wa mita 1 na sentimita 80, upana wa sentimita 45, unene wa milimita 16, unakaribia kilo 8. Ukimwangukia mtoto kichwani, si jambo la kucheka tena.

Basi habari njema ni hii: mara nyingi chuma hakikuharibika. Kilichoharibika ni tundu la visi. Na tundu unaweza kuliponya jioni moja, kwa vijiti vya kibiriti na gundi kidogo.

KABATI ZETU ZINATOKA WAPI

Katika Masisi na Walikale tuna kabati za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya seremala wetu, ya mbao za kalitusi au grevilea kutoka vilima vya Masisi, au ya muvula na libuyu kutoka msitu. Ni nzito, lakini mti mzima unashika visi vizuri. Ya pili ni ile ya katoni. Inafika imelazwa bapa, vipande juu ya vipande, pamoja na mfuko mdogo wa visi na karatasi ya picha, halafu wewe mwenyewe unaiunga. Mbao yake si mti mzima. Ni vipande vidogo na unga wa mti, vilivyochanganywa na gundi na kukandamizwa kwa moto, kisha juu wakabandika karatasi laini inayofanana na mti. Tuiite mbao ya unga.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1956, huko Uswidi, mfanyakazi mmoja wa kampuni IKEA, jina lake Gillis Lundgren, alishindwa kuingiza meza ndani ya gari, akaiondoa miguu ili aweze kuibeba. Tangu hapo kampuni ile ikashika desturi ya kuuza vitu vilivyolazwa bapa, na leo desturi hiyo imeenea dunia nzima. Kwetu pia sababu ni njia. Kitu bapa kinapata nafasi juu ya lori linalopita Sake na kupanda vilima. Kinafungwa hata nyuma ya pikipiki. Kabati nzima ingefika namna gani?

Na sababu nyingine ni makuta ya machimbo. Wazee wa Walikale wanakumbuka jinsi watu walivyokimbilia Bisie tangu mwaka 2002 hivi, wakati kasiterite ilipoonekana, na jinsi vijana walivyobeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupita msituni. Huko Rubaya, katika Masisi, ilikuwa koltani. Makuta yakija kwa siku moja, mtu ananunua kwa siku moja: redio, godoro, kabati ya kung'aa.

Lakini makuta ya machimbo yanakatika pia kwa siku moja. Mwezi wa 9 mwaka 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri ile iliondolewa mwezi wa 3 mwaka 2011. Mwezi wa 3 mwaka 2025 kampuni ya Bisie ilisimamisha kazi kwa sababu ya vita, ikaanza tena polepole mwezi wa 4. Siku kama zile hakuna anayenunua kabati mpya. Ile uliyo nayo ndiyo utakaa nayo. Kwa hiyo kujua kuitengeneza si mchezo wa mtu asiye na kazi. Ni akiba ya nyumba.

KWA NINI BAWABA INALEGEA

Bawaba, ambayo wengi wetu tunaiita sharnieri, inabeba uzito wote wa mlango. Mlango ukifunguliwa, uzito unavuta sharnieri ya juu kutoka nje, na ile ya chini unaisukuma ndani. Ndiyo maana karibu kila mara ya juu ndiyo inayotangulia kungoka. Sasa mtoto akijininginiza kwenye mlango, au mama akitundika juu yake kitenge kilicholowa maji, uzito unaongezeka, na visi inaanza kula tundu lake.

Adui wa pili ni unyevu. Masisi kuna ukungu na baridi, Walikale kuna mvua ya msitu. Mbao ya unga inakunywa maji kupitia kando zake zilizokatwa na kupitia matundu ya visi. Inavimba kama mkate ndani ya chai, na ikikauka hairudi tena kuwa ilivyokuwa.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Visi imelegea, tunaikaza. Imelegea tena, tunaikaza kwa nguvu zaidi. Kila mara unga wa mbao unasagika na tundu linapanuka. Mwishowe tunachukua msumari mrefu, tunapiga nyundo, na mbao inapasuka. Tafadhali, usipige msumari! Katika mbao ya unga msumari haushiki. Unafungua njia tu.

TAZAMA CHINI KWANZA

Kabla ya kugusa sharnieri, tazama kabati inasimama juu ya nini. Nyumba nyingi za mbao zina sakafu ya udongo, na udongo unabonyea. Mguu mmoja ukizama, sanduku lote linapinda, na milango haikutani tena. Watu wanasema «sharnieri imekufa», kumbe sharnieri ni nzima.

Fanya hivi: weka matofali au vibao vigumu chini ya miguu yote, mpaka kabati isimame bila kutikisika. Hii inaiokoa pia na unyevu wa chini. Halafu zunguka nyuma. Ule ubao mwembamba wa mgongo ndio unaolishika sanduku lisipinde. Kama vimisumari vyake vimetoka, vuta sanduku linyooke kwanza, kisha virudishe. Utajuaje kwamba limenyooka? Chukua kamba. Pima kutoka pembe ya juu kushoto mpaka pembe ya chini kuume. Kisha pima kutoka pembe ya juu kuume mpaka ya chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, sanduku limenyooka. Mara nyingine mlango unafunga hapohapo, na kazi imekwisha.

KUPONYA TUNDU

Ikiwa visi zinazunguka bure ndani ya matundu, fuata hatua hizi.

Kwanza, toa vitu vizito ndani ya kabati. Ingiza vibao vyembamba chini ya mlango ili uzito wake ukae juu ya vibao, au mwombe mwingine aushike. Toa visi na kuziweka ndani ya kikombe, zisipotee.

Pili, safisha tundu. Toa unga wote uliolegea.

Tatu, chukua vijiti vya kibiriti na kukata vichwa vyake, au chonga vipande vyembamba vya mwanzi mkavu. Vipake gundi nyeupe ya seremala, uvijaze ndani ya tundu mpaka likaze, ukigonga polepole.

Nne, subiri. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Gundi inataka usiku mzima, na wakati wa mvua hata siku mbili. Ukirudisha visi kabla haijakauka, umefanya kazi bure.

Tano, kata vijiti vilivyobaki nje kwa wembe, viwe sawasawa na mbao. Toboa katikati kwa msumari mwembamba kuliko visi, usiende mbali.

Sita, sugua visi juu ya sabuni au mshumaa, kisha uikaze kwa turnevisi inayolingana na kichwa chake. Kisu kinakula kichwa cha visi, na kesho hutaweza kuitoa. Ikikataa kuzunguka zaidi, acha. Wala usichukue visi ndefu kupita unene wa mbao, itatokea upande wa pili.

Na ikiwa mbao yenyewe imemomonyoka, shimo limekuwa kubwa kama kizibo cha chupa? Usilijaze. Kata kipande cha mti mzima, upana wa vidole vinne, ukigundishe na kukifunga ndani ya sanduku mahali pale, kisha funga sharnieri juu ya mti huo mpya. Sharnieri nyingine uziinue vilevile, ili zote zilingane. Au sogeza sharnieri juu au chini kwa upana wa kiganja, mahali ambapo mbao bado ni nzima. Mlango unaozidi mita 1 unastahili sharnieri tatu, si mbili.

ILE YENYE KIKOMBE

Kabati nyingi za katoni zina sharnieri iliyofichwa. Upande wa mlango kuna kikombe cha chuma kilichozama ndani ya mbao. Upande wa sanduku kuna mkono mrefu wenye visi mbili. Wengi wanaziogopa. Usiziogope. Katika nyingi, visi iliyo karibu na mlango inasogeza mlango kushoto na kuume. Ile ya nyuma ikilegezwa, mlango unakwenda mbele au nyuma. Kisha unaikaza tena. Na zile visi zinazoshika kibati chake ukutani mwa sanduku zinaruhusu mlango kupanda au kushuka kidogo.

Zungusha nusu mzunguko tu, funga mlango, tazama, ndipo uzungushe tena. Uvumilivu ndio fundi hapa. Kama chemchemi ya chuma ndani ya mkono imevunjika, haitengenezwi. Itoe, uibebe mwenyewe mpaka dukani, na ulinganishe kikombe na kikombe. Kilicho cha kawaida kina upana wa milimita 35, lakini kuna vidogo pia, na kidogo hakikai katika shimo kubwa.

IKIBIDI KUHAMA

Katika wilaya zetu watu wamehama mara nyingi, wengine kwa kufuata machimbo, wengine kwa kukimbia vita. Kama una nafasi ya kufunga mizigo, toa milango kabla ya kubeba kabati. Visi na sharnieri zitie ndani ya mfuko, na mfuko uufunge kwenye mguu wa kabati. Kabati inayosafirishwa na milango yake inafika imengoka.

Na mahali popote unapoisimamisha, ifunge ukutani kwa kipande cha chuma au waya ngumu. Usidhani ni woga. Mwaka 2016, huko Marekani, ile kampuni IKEA iliita zirudishwe kabati za droo karibu milioni 29, kwa sababu zilikuwa zimeangukia watoto, na wengine walikufa. Nyumba ya mbao ina ukuta wa kupigilia msumari. Hatuna udhuru.

KWA VIJANA

Kijana, wewe kaka, na wewe dada pia, maana turnevisi haichagui mkono: kazi hii ndogo unaweza kuianza Jumamosi hii. Anza na kabati ya mama. Halafu nenda kwa mjane wa jumuiya yenu, ambaye mlango wake umefungwa kwa kamba tangu mwaka jana, umtengenezee bila kudai kitu. Jirani akiona, atakuita. Shimo la kasiterite linaweza kufungwa kesho, lakini milango ya watu haitaacha kulegea. Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala.

Na ninyi wazazi, kijana akiharibu tundu la kwanza, msimpigie kelele. Vijiti vya kibiriti ni bei ndogo. La pili atalitengeneza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, kitu gani kimelegea nasi tumekizoea?
2. Dawa na petroli vinakaa wapi? Mtoto anaweza kuvifikia?
3. Nani katika jumuiya yetu hana mtu wa kumtengenezea mlango, na nani atakwenda Jumamosi?