Mlango Uliooza kwa Ndani

Watoto, leo sungura na fisi wapumzike. Hadithi yetu ni ya gari: Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ambayo mafundi wetu wanaiita DX. Mwenyewe ni bibi mmoja anayeuza viungo soko la Marikiti, Mombasa, na gari hilo limebeba magunia ya bizari, pilipili manga na iliki tangu wazazi wenu hawajaoana.

Marikiti mnaijua. Lile jengo lililo kando ya barabara ya Digo lilijengwa mwaka 1914, Waingereza wakaliita kwa jina la Mackinnon, tajiri wa Kiskoti ambaye kampuni yake ilitawala pwani hii kabla ya serikali yao kuichukua mwaka 1895. Mahamali wa mikokoteni hawana habari na Mackinnon. Wao habari yao ni gari linaloziba njia, na asubuhi ile lililoziba lilikuwa DX ya bibi.

Bibi alishuka upande wa abiria kwa kuwa mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiendesha. Akaubamiza mlango kama ilivyo desturi yake. Puu! Kipande cha bati kipana kama kiganja kikaanguka barabarani, chekundu, kikavunjika vipande vipande.

"Mlango huu niliupaka rangi mwaka jana tu," bibi akasema.

Fundi alipokuja hakutazama rangi. Alichuchumaa, akaugonga mlango kwa ukucha, kuanzia juu akishuka. Juu ulilia kama debe. Chini ukatoa sauti nzito, tup, tup. Akatoa sumaku ndogo mfukoni. Juu ya mlango iling'ang'ania, chini ikateleza ikaanguka. Sumaku hushika chuma, na pale chini chuma kilikuwa kimebaki kidogo sana. Kilichokuwepo ni puti, ule uji mzito wa kuzibia uliokandikwa mnene, ukapigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe.

"Mama, hapa ulinunua rangi. Mlango haukununua," fundi akasema kwa adabu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mlango wa gari umetengenezwa uingie maji. Ndiyo, uingie! Tazameni kioo kinaposhuka: kinakwenda wapi? Kinaingia ndani ya mlango. Basi mvua ya masika ikinyesha, maji yanateremka na kioo humo humo. Ule mpira ulioko juu huzuia mengi, lakini yote hauyawezi. Waliounda gari walilijua hilo, ndiyo maana wakatoboa matundu madogo chini kabisa ya mlango. Maji yaingie, yateremke, yatoke. Mlango wa namna hiyo unaweza kunyeshewa miaka na miaka.

Ugomvi unaanza matundu yakiziba. Vumbi linaingia, majani yanaingia, na kwa gari la muuza viungo, makapi ya bizari yanaingia. Vyote hivyo vikilowa vinakuwa tope, na tope hilo linakaa chini ya mlango likiwa bichi mchana na usiku. Chuma kikipata maji na oksijeni hugeuka kutu. Na Mombasa ni kisiwa, upepo wake una chumvi. Watu husema chumvi inakula chuma, lakini sivyo hasa. Kutu hutokea pamoja na mikondo midogo sana ya umeme inayopita kwenye chuma kilicholowa, na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, kwa hiyo kazi inakwenda mbio. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo hata kiangazi mlango haukauki sawasawa. Kutu nayo huvimba ikadai nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, ikaisukuma rangi. Ukiona rangi ina malengelenge, jua ndani kumekwisha haribika zamani.

Wazee wa Mji wa Kale walikuwa na akili ya milango. Ile ya mbao za nakshi haikutegemea bawaba za chuma. Ubao wenyewe una ncha juu na chini, na ncha hizo huzunguka ndani ya matundu ya fremu. Nyumba ikichakaa, mlango mzuri hung'olewa ukatiwa katika nyumba nyingine, na hakuna anayeona ajabu. Kwa hiyo fundi alipomwambia bibi atafute mlango wa gari lililokufa, bibi hakuona aibu yoyote. Aliuliza bei tu.

Lakini mlango wa DX unaupata wapi? Bandari ya Kilindini inashusha magari ya mtumba kila wiki, ila sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. DX ni babu kwa hayo. Mlango wake utatoka kwa DX nyingine iliyokufa hapa hapa nchini, na fundi alitaka iliyokufa bara. Gari lililoishi Nakuru au Nyeri halikuoga upepo wa bahari.

Alisaka gereji moja baada ya nyingine. Mlango wa kwanza ulikuwa wa gari la milango miwili. Huo ni mrefu kuliko wa gari la milango minne, haukai hata ukiuimbia. Wa pili ulikuwa wa kulia. Wa tatu ulikuwa wa kushoto, wa samawati, kutoka gari la bara lililogongwa nyuma. Fundi aliulaza juu ya gunia, akautazama tumbo kabla ya uso. Akaingiza waya katika kila tundu, akapitisha sumaku pembeni mote, akapandisha na kushusha kioo. Halafu akaomba risiti. Muuzaji akanuna kidogo. Vyuma vya wizi vimewaponza wengi: Januari 2022 nguzo za umeme wa nguvu nyingi zilianguka kwa sababu ya wezi wa vyuma, nchi nzima ikaingia giza, na serikali ikasimamisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa. Risiti ikaandikwa.

Kazi ya kufungua ndiyo tamu. Kwanza mkono wa kupandishia kioo. Ukiutazama huoni skrubu, kwa sababu umeshikwa kwa nyuma na kipini chembamba chenye umbo la kiatu cha farasi. Asiyejua huchukua bisibisi akavunja plastiki. Fundi alichukua kitambaa, akakipitisha nyuma ya mkono ule, akakivuta huku na huku kama anayekata msumeno. Tik! Kipini kikaruka, mjukuu akakidaka. Kingepotea, mkono mzima ungekuwa wa bure.

Bawaba zilikuwa zimekwishatiwa mafuta tangu jana yake ili kutu ilegee, maana boliti ikikatikia ndani ni msiba mwingine. Kabla ya kushika spana, fundi alichora mstari wa penseli kuzunguka kila bawaba kwenye bodi. Mstari huo ndio utakaomwonyesha bawaba zilipokuwa zimekaa. Akaweka jeki chini ya mlango, juu ya jeki kibao, juu ya kibao kitambaa, kwa kuwa mlango wenye kioo ni mzito na ukianguka hukunja bodi. Walipoupindua ule wa zamani, tope likamwagika chini, na wallahi lilinukia pilau. Ndani yake mlikuwa na bizari, mbegu za ndimu na sarafu moja kuukuu. Bibi akaichukua sarafu yake.

Mlango mpya ukawekwa, boliti zikakazwa nusu. Fundi hakuubamiza. Aliusogeza polepole hadi ukakaribia kufunga, akapitisha kidole kwenye mwanya wote kupima kama umelingana juu, chini na pembeni. Nyuma ulikuwa umeshuka. Akalegeza, akauinua kidogo kwa jeki, akakaza, akasogeza na kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukiuma. Kazi hii ilichukua muda kuliko nyingine zote, na mahamali walimpa kila aina ya ushauri. Mwisho ukafunga kwa kusukumwa na vidole viwili. Akapuliza mafuta mazito ndani, chini kabisa, yatande juu ya chuma.

Sasa gari ni jeupe na mlango ni wa samawati. Bibi hataki kusikia habari ya rangi. Mjukuu alishauri gari zima lipakwe samawati, akaambiwa ukibadilisha rangi ya gari sharti uende NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ibadilishwe na kwenye logibuku, na yeye ndiye atakayetumwa. Akanyamaza.

Akapewa kazi nyingine badala yake: waya, na milango minne ya kuzibua matundu kila masika yanapokaribia. Alidai shilingi mia kwa kila mlango. Bibi alitaja ishirini, wakavutana kama wanaouziana iliki, wakakubaliana hamsini, mlango wa samawati bure kwa sababu ni mpya.