Wewe ni wa Kwanza Kwenu Kwenda Chuo Kikuu?

Kama unatoka Pete, Kitogani au kijiji chengine jirani na msitu wa Jozani, kila ukipanda gari kwenda mjini unapita Tunguu, penye chuo kikuu. Je, nyumbani kwenu yupo hata mmoja aliyesoma chuo? Kwetu hakuwepo. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Tusiwalaumu wazee. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza mwaka 1998, na SUZA ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kabla ya hapo, wengi waliotaka digrii iliwabidi wavuke bahari.

Tatizo liko wapi?

Si akili. Mwenzako ambaye baba yake kasoma anaye wa kumuuliza. Wewe unaogopa kuchekwa, unanyamaza. Nyumbani nako wanaona umeshafika: mdogo wako hana sare, mama anaumwa, simu zinakuja kwako. Mkopo, au bumu kama wanavyosema wanachuo, ukitoka tu unatuma nusu.

Mimi nilifanya hivyo, nikawa nashindia chai na andazi. Mchana kichwa kinauma, usiku silali. Nikapata sapu mbili. Nikajua nimefukuzwa. Nikafunga begi, wala sikumwambia mtu.

Kumbe sapu ni nafasi ya kurudia mtihani ulioshindwa! Kufukuzwa kwa kufeli ni kudisko, jambo jengine kabisa. Aliyenieleza ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, kwa dakika tano tu. Nusura niache masomo kwa kukosa dakika tano hizo.

Ufanye nini?

1. Kabla hujaondoka, kaa na wazee. Waeleze kuwa bumu ni la chakula na malazi, tena ni deni utakalolilipa. Kubalianeni mapema kama utasaidia, na kwa kiasi gani.

2. Wiki ya kwanza, ijue ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Uliza, hata kama swali unaliona la kijinga.

3. Usiache kula ili upeleke pesa. Mwenye njaa hashiki somo.

4. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, nenda zahanati. Huenda ni sonona. Si wazimu wala uvivu, ni maradhi na yanatibika.

Na wewe ukifika mwaka wa pili, mtafute mgeni aliyetoka vijijini kwenu. Mwambie sapu ni nini kabla hajafunga begi.